Jinsi ya Kuiwajibisha Kampuni Mafuta Yanapomwagika Baharini: Mwongozo kwa Wavuvi na Wakulima wa Mwani

Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha mafuta cha Montara, katika Bahari ya Timor upande wa Australia, kilifumuka kwa sababu saruji iliyopaswa kukiziba kwa chini haikuwekwa ipasavyo, na mafuta yakamwagika hadi tarehe 3 Novemba. Ng'ambo ya bahari hiyo, katika kisiwa cha Rote na eneo la Kupang nchini Indonesia, wakulima waliona mwani wao ukigeuka mweupe na kufa. Kampuni iliyoendesha kisima, PTTEP Australasia, ilishikilia kwamba mafuta hayakufika pwani ya Indonesia kwa kiasi cha kuleta madhara. Mwaka 2016 wakulima walifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho ya Australia. Mwaka 2021 jaji alikubali kwamba mafuta yalifika na kuua mwani, na Novemba 2022 kampuni ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5 kwa wakulima zaidi ya 15,000. Kazi ya watu wale ndiyo ileile inayofanywa Paje na Jambiani kule Zanzibar, na Kibuyuni nchini Kenya, na kwa hiyo kesi yao inatufaa zaidi kuliko nyingine yoyote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mara nyingi kampuni haitabisha kuwa mafuta yamemwagika. Itakana kwamba yamekufikia wewe, na itapinga kiasi cha hasara yako. Ushahidi wa mambo hayo mawili hauko ofisini kwa kampuni wala kwa mkaguzi wa serikali, bali uko ufukweni, na huanza kupotea tangu siku ya kwanza, kwa kuwa bamvua moja tu linaweza kuusafisha mchanga ukaonekana kama vile hapakutokea kitu.

Kwa hiyo anza kabla ya balaa. Kila mkulima awe na daftari linaloonyesha idadi ya kamba zake, mahali zilipo, kilo za mwani mkavu alizouza kila bamvua, bei, na jina la mnunuzi, pamoja na stakabadhi. Mvuvi naye aandike chombo, aina ya zana, na samaki aliowapeleka dikoni. Asiye na kumbukumbu za mwaka wa kawaida hataweza kuonyesha kwamba mwaka wa mafuta ulikuwa mbaya, hata kama kijiji kizima kinajua hivyo. Nalisisitiza hili kwa sababu wanawake wengi wa mwani huweka hesabu zote kichwani. Hesabu hizo ni sahihi, lakini wakili wa upande wa pili atazishambulia kwa urahisi.

Mafuta yakionekana, toeni taarifa siku hiyohiyo na kwa maandishi: kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji, kwa kamati ya wavuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe), na kwa mamlaka ya mazingira, yaani NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar na NEMA kwa Kenya. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Piga picha huku simu ikiwa imewashwa alama ya mahali, ukianza na picha pana inayoonyesha mnazi, jabali au jengo linalotambulika, kisha za karibu. Andika upepo ulivuma kutoka wapi na maji yalikuwa yakijaa au yakitoka, kwa sababu mtaalamu wa mikondo atauliza hayo kwanza.

Chukua sampuli ukiwa umevaa glavu, wala usiyaguse mafuta kwa mikono mitupu. Tumia chupa safi ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kwani plastiki inaweza kuyachafua mafuta, na uihifadhi mahali pa baridi na giza. Bandika karatasi yenye tarehe, saa, mahali na majina ya mashahidi wawili. Jaza chupa mbili: moja ikienda maabara, nyingine ibaki kijijini, na kila mara chupa inapobadilisha mikono iandikwe nani amempa nani. Mafuta ya kila kisima yana muundo wake wa kikemikali, na maabara inaweza kuulinganisha na mafuta ya anayeshukiwa. Lakini sampuli isiyojulikana ilipita mikononi mwa nani itatupwa nje.

Kisha tafuta mhusika halisi. Katika mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Mexico, Aprili 2010, uliowaua wafanyakazi 11, mahakama ya Marekani iliigawa lawama: BP iliyoendesha kisima asilimia 67, Transocean iliyomiliki mtambo asilimia 30, na Halliburton iliyoweka saruji asilimia 3. Omba basi jina la mwenye leseni, la mwendeshaji na la wakandarasi. Usikubali jibu kwamba kampuni ya hapa ni tanzu tu na haina fedha. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu jamii za Niger Delta nchini Nigeria kuendelea na madai dhidi ya Shell yenyewe, yaani kampuni mama. Ikiwa mafuta yametoka katika meli ya kubebea mafuta na si kisimani, njia ni nyingine na ni rahisi zaidi: Kenya na Tanzania ni wanachama wa fuko la kimataifa la fidia lenye makao yake London, ambalo halimdai mlalamikaji athibitishe uzembe.

Zingatia muda. Fuko hilo hutaka dai ndani ya miaka 3 tangu hasara itokee, na haizidi 6 tangu tukio. Kwa madai ya kawaida ya madhara, Kenya na Tanzania Bara zinatoa miaka 3. Wanigeria waliodai kuathiriwa na mafuta yaliyomwagika Desemba 2011 kutoka Bonga, eneo la mafuta baharini nchini Nigeria, walishindwa mwaka 2023 katika Mahakama ya Juu hiyohiyo ya Uingereza, iliyokataa hoja kwamba kero iliendelea kila siku ambayo mafuta hayajasafishwa, na kwa hiyo muda wa kudai ulikuwa haujaisha. Wakulima wa Rote nao walikuwa wamechelewa, na walinusurika kwa kuwa jaji aliwaongezea muda.

Wakati huohuo, msisaini karatasi ya malipo ya haraka kabla ya wakili wenu kuisoma. Baada ya Deepwater Horizon, watu wengi walipokea dola 5,000, na biashara dola 25,000, kwa sharti la kuacha haki ya kushtaki, ilhali wengine hawakujua bado hasara yao ingefika wapi. Msaada wa chakula na maji upokeeni, ila karatasi ya kuupokea iseme wazi kwamba si fidia na haifuti dai lolote.

Mwisho, andaeni orodha ya watu wote wanaolima na kuvua, wanawake kwa majina yao wenyewe na si chini ya majina ya waume zao, ithibitishwe na sheha au mwenyekiti kila mwaka, na nakala zake zihifadhiwe nje ya kijiji pia. Makubaliano ya malipo ya Montara yalikuja miaka 13 baadaye, na kila mlipwaji ilibidi aonyeshe kwamba mwaka 2009 alikuwa mkulima wa mwani.