Kuanza biashara ya magauni ya vitenge: mshono mmoja, saizi tatu, magauni 12

Wengi wanaoniuliza habari za biashara hii huanza na mtaji, halafu fremu. Fremu achana nayo kwanza. Kinachoua biashara ya magauni ya vitenge mapema ni mambo mawili: kununua vitambaa vingi kwa kuwa vinavutia macho, na kupokea oda ya kila mshono ambao mteja ameuona kwenye simu. Huyu anataka marinda, yule anataka mgongo wazi, mwingine kaleta picha ya gauni la Kinigeria lenye shanga. Fundi anajifunza upya kila siku, na wewe unashinda unaomba radhi kwenye simu.

Njia ninayoieleza hapa ni nyingine: mshono mmoja, saizi tatu, magauni 12 yaliyo tayari kuvaliwa. Bei ni za mfano, kwa mtu aliyeko Dar es Salaam. Uliko mkoani, badilisha tarakimu. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Chagua mshono

Tafuta gauni ambalo mtu atalivaa ofisini Jumatano na kwenye kipaimara Jumapili. Urefu uvuke goti, mikono ifike karibu na kiwiko, na liwe na mifuko pembeni. Usidharau mifuko, wako wanaonunua kwa sababu hiyo tu. Kiunoni weka lastiki kwa nyuma au mkanda wa kufunga, ili mwenye kiuno cha inchi 32 na mwenye 35 wote walivae. Mishono ya kubana mwili mzima waachie wanaoshona kwa vipimo vya mtu.

Hatua ya 2: Nenda Kariakoo, lakini usinunue kwa macho

Maduka ya vitenge na khanga yamejaa Mtaa wa Uhuru na mitaa ya jirani. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla watu hawajabanana, ili muuzaji awe na subira ya kukukunjulia kitambaa. Kitenge kizima kwa kawaida ni yadi 6, yaani kama mita tano na nusu. Mkunjo mmoja ufunguliwe, upimwe mbele yako, urefu na upana. Upana wa kawaida huwa kati ya inchi 44 na 47. Kikipungua hapo, pateni yako (karatasi ya kukatia gauni) haitakaa, na utakuja kuligundua hilo mkasi ukiwa mkononi.

Baada ya hapo geuza upande wa nyuma. Kitenge cha wax halisi, yaani kinachochapwa kwa kutumia nta, kinapigwa chapa pande zote mbili, kwa hiyo rangi za nyuma zinakaribiana sana na za mbele. Kile cha bei ya chini huwa kimechapwa upande mmoja na nyuma kimefifia. Hakina ubaya, kina soko lake, ila usikinunue kwa bei ya wax. Maandishi ya pindoni yasikubabaishe. Vlisco ya Uholanzi imekuwa ikitengeneza vitambaa tangu 1846, na jina lake limeigwa kwa wingi mno kiasi kwamba maandishi peke yake hayathibitishi chochote.

Sasa pamba au poliesta? Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, toka nje ya duka, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa joto la Dar, mteja aliyevaa poliesta kwenye daladala ya saa nane mchana hatakurudia. Kwa rangi, lowesha leso nyeupe, isugue kwenye sehemu yenye rangi iliyokolea zaidi, hasa nyekundu na bluu. Leso ikichukua rangi nyingi, kitenge kitachuja. Utaambiwa uloweke kwenye chumvi. Chumvi haikiponyi kitambaa kilichochapwa vibaya, tafuta kingine.

Nunua vitenge sita vya maua tofauti. Kila kimoja kitatoa magauni mawili ya yadi 3, na hiyo ndiyo kauli yako ya kuuzia: ua hili yako mawili tu. Ukipenda ndege au maua makubwa yanayotazama upande mmoja, ujue yanakula kitambaa, maana huwezi kugeuza pateni juu chini bila ndege kuning'inia miguu juu. Kwa mzigo wa kwanza chukua maua madogo au ya duara.

Ukifika nyumbani, vifue vyote kwa maji ya kawaida, anika kivulini, piga pasi. Pamba husinyaa, na afadhali isinyae ikiwa bado kitambaa.

Hatua ya 3: Saizi na pateni

Usiandike S, M, L ukaishia hapo, kwa sababu kila mtu ana L yake. Andika kifua kwa inchi. M iwe ya kifua cha 36 hadi 38, L 40 hadi 42, XL 44 hadi 46. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo gauni lenyewe lizidi kifua cha mvaaji kwa inchi mbili hivi. Katika magauni 12, gawa hivi: M tatu, L tano, XL nne. Maduka mengi yanashona kwa kumfikiria binti mwembamba wa kwenye picha, wakati mwenye pesa ya kununua mara nyingi ni mama wa L na XL ambaye amechoka kuambiwa "saizi yako imeisha".

Mlipe fundi mzuri akuchoree pateni za saizi zote tatu kwenye karatasi ngumu, kisha zikae kwako. Fundi akihama au mkikosana, pateni unaondoka nazo.

Hatua ya 4: Fundi

Hapa ndipo biashara yote ilipo. Usimpe mtu mzigo wa magauni 12 kwa sababu amesifiwa. Mpe moja, ulilipie kwa bei kamili, kisha likague hivi. Ligeuze ndani nje. Mshono wa pembeni uwe umepigwa ovaloki (uzi wa kuzuia kingo zisifumuke) na ndani kumebakizwa angalau inchi moja kila upande, ili mteja akinenepa gauni liachiwe. Mafundi wengi hukata akiba hiyo wapate kuokoa kitambaa, na hapo gauni la 40,000 linageuka la msimu mmoja. Vuta zipu mara kadhaa kwa haraka. Ikikwama kwenye mshono wa kiuno leo, kwa mteja itakatika. Tazama katikati ya kifua: ua likae katikati au maua yalingane kulia na kushoto, yasiwe nusu ua kwenye titi moja na jingine halina kitu. Mwisho, angalia kama kila mshono umepigwa pasi kabla ya kuunganishwa na mwingine. Gauni lililopigwa pasi mwisho tu linajulikana, linakaa kama limevimba.

Akifaulu, mpe matatu, halafu yaliyobaki. Lipa kwa kila gauni, nusu mwanzo na nusu baada ya ukaguzi. Siku ya kuchukua mwambie ni Alhamisi wakati wewe unayahitaji Jumatatu inayofuata. Mafundi wenyewe wanalijua hilo, na bado linasaidia. Uwe na fundi wa pili hata kama wa kwanza ni hodari, maana kuanzia Novemba kila cherehani mjini ina foleni ya Krismasi. Mzigo wa Desemba ushonwe Oktoba.

Hatua ya 5: Hesabu

Kwa gauni moja, tuseme kitenge 12,000 (nusu ya kipande cha 24,000), bitana 3,000, zipu na uzi 1,000, fundi 10,000, pasi na mfuko 1,000, nauli za kwenda na kurudi 1,500. Jumla 28,500. Magauni 12 ni 342,000, ukiacha malipo ya pateni, ambayo ni ya mara moja. Ukiuza 40,000, gauni la tisa linapotoka mtaji wote umerudi, na matatu yaliyobaki ndiyo faida. Hapo unaona kwa nini mkopo wa magauni mawili matatu kwa mashosti unaumiza: umekopesha faida yote. Anayetaka kulipa mwisho wa mwezi, gauni limsubiri mwisho wa mwezi.

Yakibaki mawili yasiyotoka, yashushe hadi 30,000 uyamalize. Pesa ikae kwenye kitenge kipya.

Hatua ya 6: Picha na kuuza

Piga picha asubuhi, nje, kivulini, gauni likiwa limevaliwa na mtu mwenye mwili wa kawaida. Moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya karibu inayoonyesha kitambaa. Chini yake andika kifua kwa inchi, urefu na bei. Ile "bei njoo inboksi" iache. Mteja anaiona kama mtego, na wewe unapoteza siku nzima ukijibu swali moja. Status ya WhatsApp inauza kuliko kurasa kubwa mwanzoni, kwa sababu wanaoitazama wanakufahamu.

Ndani ya Dar tuma kwa bodaboda unayemjua. Mzigo wa mkoani upeleke kwenye basi pale kituo cha Magufuli, Mbezi, kisha mtumie mteja picha ya risiti yenye namba ya basi na simu ya wakala. Alipe kwanza, kwa lipa namba yenye jina la biashara ikiwezekana.

Hatua ya 7: Karatasi

TIN, yaani namba ya mlipakodi, unaipata TRA (mamlaka ya mapato) bila malipo ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na leseni iko halmashauri. Fanya haya mapema, kwani bila hayo ofisi haiwezi kukupa oda. Mkiwa kikundi, ulizeni pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokayo kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya 8: Sare

Ukishauza mizigo miwili mitatu, wataanza kukuita kwa sare: kitchen party, sendoff, na ofisi zinazojiandaa na Siku ya Wanawake, 8 Machi. Pesa yake ni nzuri na inakuja kwa mkupuo. Masharti nayo yawe yameandikwa: asilimia 70 mbele, vipimo vyote vifike kwa siku moja, na baada ya mkasi kupita hakuna kubadili mshono. Kamati itakuambia watu 20. Nunua kitambaa cha watu 22 siku hiyohiyo, dukani kulekule, kwa gharama yao na uwaambie hivyo. Ua la kitenge likiisha sokoni limeisha, na shangazi wa bibi harusi huwa anajiandikisha wiki ya mwisho.