Riwaya za Star Wars: pa kuanzia

Ukitaka kuingia kwenye riwaya za Star Wars, achana na orodha ndefu za mpangilio wa matukio. Anza na Heir to the Empire ya Timothy Zahn (1991). Inaanza miaka mitano baada ya filamu ya Return of the Jedi, kwa hiyo Luke, Han na Leia unawajua tayari. Mgeni mkubwa ni Thrawn, amiri anayechunguza sanaa ya adui ili ajue namna ya kumshinda. Adui mwenye akili kiasi hicho ni raha kumsoma! Hiki ni cha kwanza kati ya vitabu vitatu tu, na kisa kinaisha.

Utakwama kama hujaona filamu tatu za mwanzo, au kama unataka vitabu vinavyooana na filamu mpya, maana Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, iliviweka vya zamani kando kwa jina la Legends. Nakala za mitumba mara nyingi hazina neno hilo jaladani, basi fungua ndani uangalie mwaka wa toleo la kwanza. Kwa upande mpya, chukua Lost Stars ya Claudia Gray (2015): marafiki wawili wa utotoni, mmoja anabaki upande wa Dola (himaya inayotawala), mwingine anahamia kwa waasi.