Jinsi ya kuwavuta wana wa hosteli wapunguze hewa ukaa, hapa Tabora

Wana, ukianza na habari za "sifuri ya hewa ukaa" (yaani tusitoe gesi ya kupasha dunia joto kuliko inayoondolewa) kwenye kikao cha hosteli utaona watu wanachomoa simu mmoja mmoja, sio kwamba wanapinga, wanaona tu ni mambo ya Ulaya huko. Anza na mfuko wao. Changeni chumba kizima mnunue presha kuka moja ya umeme, alafu siku ya kwanza usihubiri kabisa, pika maharage, soma luku kabla na baada, itakula chini ya uniti moja wakati kwenye mkaa mngekaa mnapepea mpaka usiku na masizi juu, na huo mkaa unatoka kwenye miti yetu hii hii ya miombo inayotupa asali. Jirani akinusa atakuja mwenyewe kuuliza.

Ila kagueni nyaya kwanza, maana hosteli zingine soketi moja inabeba pasi, hita na sabufa (sitaji mtu).

Kantini bado inafuka moshi? Nendeni kwa uongozi na hoja: serikali ilishazipa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 mwisho wa kutumia kuni na mkaa, Januari 2024. Taa nazo zimeni tu.