Kitufe cha SOS kwenye gari used: cha kufanya kabla hujaanza kulitumia

Shemeji yangu wa Isevya, Tabora, kashusha gari kutoka Uingereza, akaona kitufe cha SOS juu pale kwenye taa ya ndani, akaniuliza hii kitu si inanifuatilia kila ninakoenda? Nikamwambia hapana, ila kitufe hicho kina jirani humohumo ndani ya gari, huyo ndiye anayeweza kukufuatilia.

Kitufe chenyewe ni eCall, mfumo wa gari kujipigia simu ya dharura, Ulaya ni lazima kwa aina mpya za magari madogo tangu 31 Machi 2018. Kimelala, hakijiungi na mtandao mpaka eabegi ifumuke au ukibonyeze, ndio kinapiga 112, namba ya dharura ya kule, na kutuma saa, mahali ulipo, uelekeo, chasisi namba na aina ya mafuta, na sheria yao inakataza gari kufuatiliwa muda wote. Kwa hiyo usimruhusu fundi akate waya, utaishia kuwashiwa taa ya hitilafu kwenye dashibodi bure.

Jirani mwenyewe ni huduma ya kampuni iliyotengeneza gari, ile yenye aplikesheni, maana mwenye gari wa zamani asipojitoa akaunti inabaki ya kwake. Ingia setingi, tafuta akaunti, ukikuta ya mtu iondoe, kisha rudisha skrini kama ilivyotoka kiwandani halafu hakikisha simu zilizowahi kuungwa na anwani za kwenye ramani zimefutika kweli. Ya shemeji ilikuwa na majina kibao na nyumbani kwa mtu huko Uingereza, jamani msikae kuyasoma, futeni, hayo ni mambo ya watu. Na wewe ukiuza, fanya hivyohivyo kabla hujatoa funguo.

Kama gari ni la mkopo na limefungwa traka, kile kifaa cha kuonyesha gari lilipo, uliza kabla ya kusaini nani anaiona na data zinakaa muda gani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko.

Kingine, usibonyeze SOS kujaribu, 112 kwetu ni polisi. Wala usikitegemee porini, bila mnara hakifanyi kitu. Shemeji siku hizi akienda Kigoma anampigia dada akifika Kaliua, anapiga tena Nguruka, anapiga na Uvinza.