Kulea yungiyungi la buluu kwa ajili ya nyuki

Yungiyungi la buluu (Nymphaea nouchali) ni la asili katika mabwawa na maziwa ya Afrika Mashariki, na halidai bwawa nyumbani. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu linatosha, mradi lipigwe na jua kwa muda wa saa sita kila siku. Jua likipungua, utapata majani matupu.

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, kagua kabla ya kulipa. Jani la yungiyungi hulala juu ya maji na lina ufa unaofika kwenye kikonyo. Mmea unaoelea wenyewe, vikonyo vimevimba hewa, ni gugu maji la Amerika Kusini, lile lililoisumbua Ziwa Victoria. Liache hapohapo.

Pandia kwenye beseni lisilo na matundu, upana sentimita 30, kina 20. Jaza udongo mzito wa mfinyanzi, basi. Wengi huharibu hapa: wanachanganya samadi kama wanapanda mchicha. Samadi ikizama huchacha na kumaliza hewa, kiazi (shina nene la yungiyungi linalokaa udongoni) huoza, na virutubisho vinavyovuja hulisha mwani hadi maji yote yawe kijani. Kiazi kikae wima, kichipukizi kikichungulia juu ya udongo. Zungushia changarawe ili udongo usitibuke. Anza na maji ya sentimita 10 juu yake, beseni likiwa juu ya tofali ndani ya pipa. Majani yakitandaa, ondoa tofali.

Mbolea ni kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 kila mwezi, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti na kusukumwa sentimita 10 ndani ya udongo, pembeni mwa kiazi. Ukiinyunyiza majini, umelisha mwani.

Ua hufunguka asubuhi, hufunga alasiri, na huishi siku tatu au nne. Siku ya kwanza katikati yake huwa na kidimbwi cha ute: nyuki aliyetoka ua jingine huteleza humo, chavua aliyobeba ikaoshwa, na ua likachavushwa. Wengine huzama. Usihangaike kuwaokoa, ndivyo ua lilivyoumbwa. Kuanzia siku ya pili ute umekauka na chavua inamwagika. Hapo ndipo nyuki hujazana.

Vidukari wakivamia majani, wasukumie chini ya maji kwa mkono au uwapige kwa mpira wa maji. Dawa ya wadudu itaua nyuki, na sabuni itaua samaki. Hata mafuta ya mwarobaini hayafai, kwa kuwa vitundu vya kupumulia vya jani hili viko upande wa juu. Kwa mbu, weka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Perege hapana, watafukua kila kitu.

Kama kuna watoto wadogo, funika pipa kwa wavu wa chuma wenye matundu mapana. Majani na maua yatapenya.