Kutoka wazo la mwanafunzi hadi gemu inayofundisha: somo kwa walezi wa klabu

Waulize wanafunzi wa gredi ya 6 hapa Mombasa wakupe wazo la gemu ya masomo, na wengi watakuja na lilelile: mtu anakimbia, anakutana na jini, jini linamuuliza saba mara nane, akipata anapita. Hiyo bado si gemu ya hesabu. Ni mtihani uliovishwa kanzu. Yaondoe maswali uone: mbio zinaendelea kama kawaida, kwa sababu somo halikuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Somo hili ni la mwalimu au mlezi anayetaka kuwavusha watoto hapo. Kigezo changu ni kimoja: kile anachokifanya mchezaji ndicho kiwe kile tunachotaka akijue.

Hatua ya 1: Anzeni na kazi ya mtu

Waulize hivi: ni kazi gani unayoijua ambayo mtu akikosea hesabu anaumia? Majibu hayakawii. Kondakta wa matatu anayerudisha chenji huku abiria wanashuka. Muuza nyanya wa Kongowea anayeamua jioni apunguze bei au azilaze. Mvuvi wa pweza. Andikeni yote ubaoni, msimcheke mtu.

Hatua ya 2: Chagueni moja, mtafute kanuni yake

Hapa msiharakishe, maana gemu nyingi za wanafunzi hufia hapa. Nichukue pweza.

Wanaokwenda mwambani kwa miguu kutafuta pweza hungoja bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kuwa ndipo maji yanapokupwa mbali zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mwamba mwingi hubaki chini. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo mchezaji akionyeshwa mwezi tu angani, tayari ana jambo la kufikiria: leo niende au nisiende? Na kama jana yalikupwa saa nne asubuhi, leo nitoke nyumbani saa ngapi?

Kisha kuna kurudi. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na dakika chache, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukadiria kwa kugawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme yatapanda mita 3. Saa ya kwanza ni sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25.

Tazama hatari ilipojificha. Saa ya kwanza mvuvi anajiambia bado mapema, anachokoa tundu jingine. Saa ya tatu maji yanapanda mara tatu ya yale ya mwanzo, na lile bonde alilolivuka asubuhi likiwa kavu limeshamfika kiunoni. Mtoto akipoteza pweza wake wote kwa njia hiyo, raundi inayofuata utamsikia akijumlisha: moja na mbili, tatu, tatu kwa kumi na mbili, robo. Hakuna aliyemwambia ajumlishe.

Hatua ya 3: Chezeni kwenye karatasi kwanza

Karatasi ya manila, vifuniko vya soda kuwa wachezaji, na utepe wa karatasi ya buluu unaosukumwa juu. Mwanafunzi mmoja ndiye bahari: kazi yake ni kuusukuma utepe kwa kufuata yale mafungu. Kama inachosha kwenye manila, kompyuta haitaiokoa.

Njia hii si ya maskini peke yao. The Oregon Trail, gemu ya masomo iliyovuma sana Marekani, ilianza kama ramani na kadi. Mwaka 1971 huko Minnesota, Don Rawitsch, aliyekuwa bado mwalimu mwanafunzi, aliitayarisha kwa somo lake la historia. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakaiandikia programu. Darasa la kwanza lililoicheza halikuwa hata na skrini: mashine ilichapa majibu kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Ingieni kwenye Scratch

Scratch ni programu ya kutengenezea gemu kwa kupanga vipande vya maagizo. Ilitolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007 na ni ya bure. Ipo ya kusakinisha pia, nayo hufanya kazi bila intaneti. Jukwaa lake lina upana wa vizio 480 na kimo cha 360. Tengenezeni kigeu kimoja, yaani mahali pa kuweka namba inayobadilika, mkiite saa, kingine maji. Kila saa ya mchezo ichukue sekunde 20, na picha ya maji ipande 15, 30, 45, 45, 30, 15. Jumla ni 180, nusu ya kimo cha jukwaa. Rangi, samaki na muziki vingoje mpaka hili lifanye kazi.

Hatua ya 5: Mpeni asiyeijua

Acheze, nyinyi mnyamaze. Mkilazimika kueleza, andikeni mlipoelezea. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi huku Changamwe tuna laptopu moja na watoto darasa zima. Tutafanyaje?*

Hatua tatu za kwanza hazihitaji laptopu hata kidogo, na ndizo zenye uzito. Makundi yote yafike na gemu ya manila. Lile lililo tayari ndilo liingie kwenye mashine, na anayebonyeza abadilishwe kila baada ya dakika chache, la sivyo mmoja atajifunza na wengine watakuwa watazamaji.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu hataki kitu ila gemu ya kupigana. Nimkataze?*

Marahaba. Usimkataze, mama; mpe vita vya kweli. Mpe malaria. Vijidudu vikishaingizwa na mbu hukimbilia kwanza kwenye ini, huzaliana humo kimyakimya, kisha hutoka kushambulia chembe nyekundu za damu. Hapo mchezaji hashindi kwa kubonyeza haraka haraka. Lazima ajue adui yuko wapi siku ile: chandarua kina kazi kabla ya kuumwa na mbu, na baada ya hapo kinahitajika kipimo na dawa. Akitaka milipuko, ailipue chembe nyekundu, maana hupasuka kweli vijidudu vikitoka.

*Mimi niko gredi ya 8. Naweza kuchukua picha na nyimbo za mtandaoni nitie kwenye gemu yangu?*

Zina wenyewe, mwanangu, kwa hiyo usichukue bila ruhusa. Chora mwenyewe, hata kwa penseli, upige picha. Sauti unazo bure: honi ya feri Likoni, mawimbi, kelele za stendi. Zirekodi kwa simu.

*Scratch ina Kiswahili?*

Ndiyo. Tafuta sehemu ya lugha (Language) kwenye menyu ya juu, teremka kwenye orodha, chagua Kiswahili.