Vilima 23, fuko mmoja: namna ya kumtoa kwenye nyasi za nyumbani

Simu yangu huanza kulia wiki ya pili ya masika. Udongo ukishalowa, fuko huchimba kwa wepesi, na watu wa mitaa ya Nairobi kama Loresho, Kitisuru na Lower Kabete huamka wakakuta nyasi zao zimejaa vilima vyekundu. Mwaka jana mama mmoja aliniita kwake, tukahesabu pamoja vilima 23 kuanzia langoni hadi chini ya mparachichi. Akaniuliza, "Baba Njeri, wameingia wangapi hawa?" Nikamwambia, "Ni mmoja, mama." Hakuniamini mpaka siku ya tatu, nilipomtoa huyo mmoja na vilima vikakoma.

Shika hilo kabla hujanunua chochote. Fuko huishi peke yake. Ana njia zake chini ya ardhi, ana chumba cha kulala alichokitandika nyasi kavu, ana akiba ya mizizi, na hata pembe ya kujisaidia. Mwenzake akiingia humo, isipokuwa msimu wa kupandana, ni vita vya meno. Kwa hiyo usihangaike na uwanja mzima. Mtafute mwenye nyumba.

Pia ujue unayemtafuta ni nani. Yule fuko wa Ulaya hula minyoo na wadudu, ndiyo maana ushauri mwingi wa huko unasema utie dawa ya kuua wadudu wa udongoni ili akose chakula. Huyu wetu ni wa jamii ya panya. Meno yake ya mbele yamechomoza nje ya midomo, yana rangi ya chungwa, na ndiyo anayochimbia. Chakula chake ni mimea: mizizi ya nyasi ya kikuyu, viazi vitamu, karoti, nepia, vitunguu vya maua. Ukitia dawa ya wadudu umeua minyoo inayokulimia udongo bure, na fuko bado anakula.

Kuhusu sumu nitasema wazi. Nimetunza bustani za watu miaka 26, na nyumba moja niliyofanya kazi zamani walinunua nafaka zilizopakwa sumu, wakazimimina mashimoni. Mbwa alichimba, akala. Nilimzika mimi mwenyewe, watoto wa nyumba wamesimama hapo wakilia. Vidonge vinavyotoa gesi ni hatari zaidi, maana gesi hiyo humuua mtu pia, na njia ya fuko inaweza kupita karibu na msingi wa nyumba mnamolala. Isitoshe, bundi anayemla fuko mwenye sumu naye anaweza kufa. Najua wengi wetu tulilelewa tukimwogopa bundi, lakini kwenye bustani ni msaidizi mkubwa. Akitua juu ya ua wako usimfukuze.

Kumwaga maji nako ni kupoteza maji, hasa Nairobi hii ya mgao. Udongo mwekundu huyanywa yote, na fuko huziba njia yake akahamia upande wa juu.

Sasa kazi yenyewe. Vilima vikavu vilivyopauka viache. Tafuta vile viwili vipya kabisa, ambavyo udongo wake bado una unyevu na rangi iliyokolea. Chukua kipande cha nondo nyembamba, urefu wa mkono, udunge ardhini kati ya vilima hivyo, ukisogea kiganja kimoja kila mara. Udongo utakuwa unabisha, unabisha, kisha ghafla nondo inazama yenyewe. Hapo ndipo njia ilipo, mara nyingi kina cha shibiri moja au mbili.

Fungua hapo kwa jembe, shimo la upana wa karai dogo, mpaka uone midomo miwili ya njia ikitazamana. Safisha udongo uliodondokea ndani, halafu nenda ukafanye kazi nyingine. Fuko hapendi mwanga wala upepo ndani ya njia yake, atakuja kuziba. Mimi huona wakija zaidi mchana, kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Ukirudi ukute mdomo mmoja umezibwa kwa udongo ulioshindiliwa, umeshajua mambo mawili: yumo, na anatokea upande huo. Pasipozibwa kitu hadi kesho yake, njia hiyo ameiacha. Ifukie, ujaribu kwingine.

Mtego ni ule aliokuwa akitega baba yangu kwenye viazi vitamu, na sijaona wa dukani unaoushinda. Unahitaji fito mbichi inayopindika na kujirudisha, urefu wa mita moja na nusu hivi, waya laini wa kufungia nondo, na uzi wa katani. Usitumie nailoni, si rahisi kuikata kwa meno. Zibua ule mdomo uliozibwa. Tengeneza kitanzi cha waya kinachokaa sawasawa na ukuta wa njia, ukikandike kwa udongo mbichi kidogo kisionekane. Nyuma ya kitanzi, upande wako wa shimo, umbali wa vidole vitatu, toboa dari ya njia kwa kijiti. Simika fito pembeni, uipinde hadi ncha yake ije juu ya tundu hilo. Kwenye ncha funga waya wa kitanzi, na funga pia uzi wa katani unaoshuka tunduni hadi kwenye kigingi ulichokipigilia chini ya njia. Uzi huo ndio unaoizuia fito isiruke, na umesimama katikati ya njia kama nguzo. Usugue kwa kipande cha kiazi kitamu. Mikono yako nayo ipake udongo wa hapo hapo kabla hujagusa chochote.

Fuko akija kuziba, kichwa na mabega vinapita kitanzini, anakuta uzi umemziba njia, anaukata. Fito inaruka. Mara nyingi kifo ni cha papo hapo, lakini si kila mara, kwa hiyo kagua mtego kila baada ya saa mbili mchana, na jioni uutegue. Kumwacha mnyama akiteseka usiku kucha si sawa. Ukimkuta hai, mmalize kwa pigo moja zito kichwani, na usimshike kwa mkono mtupu hata akiwa ametulia. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, meno yalifika mfupani.

Wako wanaopanda mmea wa utupa kuzunguka ua, wakisema fuko haukaribii. Nimeupanda mara mbili. Nyumba moja walipungua, nyingine walipita katikati yake, kwa hiyo siwezi kukuahidi. Ukiupanda, uwe mbali na bwawa la samaki, maana ndio ule unaotumiwa kuwalevya. Kinachofaa kweli ni kutandika wavu wa waya wenye matundu madogo chini ya vitalu vya maua na mboga kabla ya kujaza udongo.

Akishatoka, usikanyage vilima ukadhani umetengeneza. Ule udongo ni mzuri, umechambuliwa vizuri: ukwangue kwa reki, uujaze kwenye njia zilizotitia huku ukimwagilia kidogo na kushindilia kwa mpini. Unaobaki usambaze mwembamba juu ya nyasi. Palipokufa, chomeka vipande vya kikuyu vyenye vifundo viwili vitatu. Mvua ikiwapo, ndani ya wiki sita hutaona kovu.

Njia usiziache wazi chini, kwa sababu kijana wa fuko anayetafuta makao akizipata zimeshachimbwa, hahitaji mwaliko. Kagua upande wa ua unaopakana na shamba au uwanja usiolimwa kila baada ya mvua kubwa. Kilima cha kwanza ukikiona hapo, chukua nondo siku hiyo hiyo, kabla hajafika kwenye nyasi.